Huyu si kulungu, wala si pofu

Alikuwa amesimama katikati ya maji, kichwa chote kimezama. Tulichokiona kwanza ni mgongo peke yake, mgongo mpana wa rangi ya mkaa, wenye nundu mabegani kama ng'ombe wetu wa kienyeji. Jirani yangu, mtu wa Bukavu, akaninong'oneza: "Ile njo nyama ama ni jiwe?" Kabla sijamjibu, jiwe likainua kichwa. Maji yakamwagika kutoka kwenye pembe mbili pana kama beleshi, majani ya majini yakining'inia pande zote za mdomo, na mdomo ukaendelea kutafuna taratibu. Tulikuwa umbali wa mita 50 hivi. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, alinishika mkono akaubana. Alipopata sauti, akauliza: "Baba, huyu kwa Kiswahili anaitwaje?"

Hiyo ilikuwa Julai, saa moja na nusu asubuhi, kwenye bwawa la Sandy Stream ndani ya hifadhi ya Baxter, chini ya mlima Katahdin, jimbo la Maine, Marekani. Tulikuwa tumetoka Lewiston saa tisa usiku, watoto wamelala kiti cha nyuma, chai ya tangawizi kwenye chupa. Ukishaegesha gari pale Roaring Brook, unatembea kwa miguu dakika chache tu msituni, juu ya mbao zilizolazwa kwenye tope, halafu miti inafunguka na bwawa liko mbele yako. Watu wa hapa hutuambia kwamba asubuhi ya kiangazi ukienda kimya, mara nyingi utamkuta. Tulikwenda kimya. Tukamkuta.

Kiingereza cha hapa kinamwita moose. Sisi tulioko huku, kwenye maduka ya Lewiston na Portland ambako Kiswahili cha Kongo, cha Burundi na cha Tanzania hukutana penye gunia la unga, tunatamka muusi. "Angalia muusi barabarani," ndivyo tunavyoagana mtu anaposafiri kaskazini. Lakini mtoto hakuniuliza tunavyotamka. Aliuliza jina lake kwetu, na mimi niliyemsisitizia Kiswahili tangu hajaota meno, sikuwa na la kumjibu pale pale. Nikamwambia, "Tutazungumza kwenye gari."

Kwenye gari jirani yangu alipendekeza kulungu. Ndilo neno ambalo watu wengi hulikimbilia wakitafsiri habari za wanyama wa Ulaya na Marekani wenye pembe za matawi. Nikamuuliza kama amewahi kumwona kulungu mwenyewe. Alikuwa amemwona, Kivu, utotoni. Kulungu ni mnyama wa vichakani, mwenye madoa meupe ubavuni, pembe fupi zilizojisokota, na begani hazidi sana kiuno cha mtu. Dume zima halifiki kilo 100. Yule wa bwawani alikuwa na kimo ambacho begani kinanizidi mimi nikiwa nimesimama, na uzito unaokadiriwa kwa madume ya huku Maine kufikia kilo 450. Mtoto akicheka akasema, "Sasa huyo kulungu atakuwa chini ya tumbo lake." Hakukosea.

Mimi nilichofikiria ni pofu. Nimezaliwa Mikumi, pale ambapo barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50. Baba yangu alikuwa dereva wa malori kwenye barabara ile, na pofu, ambaye wengine humwita mbunju, ndiye mnyama aliyempenda kuliko wote. Uwanda wa Mkata una pofu. Baba alikuwa akinionyesha kundi likivuka kule mbali, madume yakiwa mbele na ile ngozi inayoning'inia kooni ikiyumba. Kwa hiyo nilipomwona muusi na nundu yake, na ngozi ile ile inayoning'inia chini ya koo, moyo ulinidunda: ni pofu wa baridi!

Kumbe nilikuwa nimewaza kile kile walichowaza Waholanzi, ila wao walianzia upande wa pili. Katika Kiholanzi neno eland ni jina la muusi. Hadi leo Mholanzi akisema eland anamaanisha huyu huyu wa misitu ya Sweden na Urusi. Waholanzi walipoweka makazi Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, wakakutana na mnyama mkubwa kama ng'ombe, mwenye ngozi inayoning'inia kooni, wakampa jina la mnyama wa kaskazini. Kiingereza kikalichukua jina hilo kutoka Afrika Kusini, na ndiyo maana kitabu chochote cha wanyama kwa Kiingereza kinamwita pofu eland. Kongoni naye walimpa jina lililotokana na lile la mnyama mwingine wa kwao mwenye pembe za matawi. Yaani pofu wetu wa Mkata, kwenye vitabu vya dunia nzima, anatembea na jina la muusi. Nilipoligundua hilo nilikaa kimya mezani kwa muda. Wenyeji wa kusini mwa Afrika walikuwa na majina yao kwa mnyama yule, majina yaliyotokana na kumtazama vizazi na vizazi, lakini lililosambaa duniani ni la mgeni aliyekumbuka nyumbani.

Waingereza nao wana mkanganyiko wao. Uingereza walikuwa na muusi zamani, wakatoweka maelfu ya miaka iliyopita, lakini neno elk likabaki mdomoni bila mnyama mwenyewe. Walipofika Amerika wakalitundika neno hilo kwa mnyama mwingine kabisa, yule mkubwa mwenye pembe za matawi anayeitwa pia wapiti. Matokeo yake, ukisoma habari za Sweden zilizoandikwa kwa Kiingereza cha Ulaya, elk ni muusi. Ukisoma habari za Colorado, elk ni wapiti. Rafiki zangu walioko Sweden wakituma picha ya älg pembeni ya barabara, ni muusi yule yule.

Jina lenyewe, moose, limetoka kwa wenyeji wa pwani hii ya mashariki. Wapenobscot, ambao mto na ghuba za hapa Maine zina jina lao, na jamaa zao wa lugha za Kialgonkwini, walimwita kwa neno linalosikika kama mos. Wanaisimu hulihusisha na kitenzi chenye maana ya kubambua au kukwangua. Mwaka jana nilielewa kwa nini. Nilikuwa nimesimama mbele ya mti mchanga wa mepo, gome lake la kijani limekwanguliwa kutoka usawa wa kifua changu hadi juu ya kichwa, mifereji miwili miwili ya meno, mipana kama kidole. Muusi hana meno ya mbele juu, kama ng'ombe. Ana ya chini tu. Kwa hiyo hubana gome kwa meno ya chini na kulivuta kuelekea juu, likabambuka kama ganda la muwa. Vijiti navyo havikati, huvinyofoa, na ncha inabaki imechanika nyuzi nyuzi. Sungura akila kijiti kile kile huacha mkato safi wa mshazari, kama wa kisu. Ukishajua hayo mawili unaweza kuingia msituni bila kuona mnyama hata mmoja na bado ukajua nani kala hapa usiku. Wapenobscot walimpa jina kwa kazi ya meno yake. Ndilo jina lililotokana na kumtazama.

Sasa kwa nini hafai kuitwa pofu, hata kama nundu zinafanana? Jibu liko kwenye pembe.

Pofu, kulungu, swala, kongoni, nyati, mbuzi na ng'ombe ni familia moja. Pembe zao zina mfupa ndani na ganda nje, ganda la kitu kile kile kinachofanya kucha. Zikishaanza kuota kichwani, zinarefuka, na mnyama anakufa nazo. Zikivunjika hazirudi. Kwa pofu, dume na jike wote wanazo. Muusi yuko familia nyingine, ambayo kisayansi inaitwa Cervidae, na huko pembe ni mfupa mtupu usio na ganda, ambao huota na kudondoka kila mwaka. Zinamea kuanzia Aprili, zimefunikwa ngozi laini yenye manyoya mafupi kama mahameli, na chini ya mahameli hiyo kuna mishipa iliyojaa damu. Katika kilele cha kiangazi zinaweza kukua sentimita 2 kwa siku. Kufikia Septemba ngozi hukauka, dume anaisugua kwenye vichaka, inachanika na kuning'inia kama matambaa yenye damu, na chini yake mfupa unaonekana mweupe, kisha unageuka kahawia. Anazitumia kwa msimu mmoja wa kutafuta majike, mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Kufikia Desemba au Januari zinadondoka, mara nyingi moja leo na nyingine baadaye, mahali tofauti. Jike hana kabisa. Na familia hii haina mwenyeji hata mmoja kusini mwa Sahara. Barani Afrika yuko mmoja tu, anayeishi misitu ya mpaka wa Algeria na Tunisia. Ndiyo sababu Kiswahili hakina neno lake: hakuna babu yetu aliyemwona.

Kwa hiyo pofu ni ndugu wa karibu wa ng'ombe kuliko alivyo ndugu wa muusi. Kufanana kwao ni kufanana kwa watu wawili wanene wasio na ukoo.

Carl Linnaeus, Msweden, aliyempa muusi jina la kisayansi mwaka 1758, alimwita Cervus alces, akimweka kundi moja na wanyama wengine wa Ulaya wenye pembe za matawi. Baadaye wataalamu wakaona anastahili jenasi yake peke yake, akawa Alces alces. Mpaka hapo wote wanakubaliana. Wasipokubaliana ni kama muusi wa Amerika na wa Ulaya ni spishi moja au mbili. Wa Ulaya wana kromosomu 68, wa Amerika wana 70, na wapo wanaosema hiyo inatosha kuwatenganisha na kumwita wa huku Alces americanus. Wengine wanasema ni spishi moja yenye nususpishi kadhaa: huku Amerika kuna wanne, wa mashariki ambaye ndiye wa kwetu Maine, wa kaskazini-magharibi, wa milima ya Rocky ambaye ni mdogo, na wa Alaska na Yukon ambaye ndiye mkubwa kuliko wote wa familia ya Cervidae duniani. Huyo wa Alaska anaweza kuzidi kilo 700 na pembe zake kutanuka karibu mita 2 kutoka ncha hadi ncha. Upande wa Ulaya na Asia wapo wengine, kuanzia Norway hadi mashariki ya mbali ya Urusi na kaskazini mwa China. Wa milima ya Kaukasi alimalizwa na wawindaji mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi katika ubishi wa kromosomu sina upande, lakini ule wa Kaukasi huniuma, kwa sababu alipotea watu wakiwa na darubini na daftari mikononi.

Narudi bwawani, maana umbo lake linahitaji kutazamwa, na ukilitazama bila haraka kila kitu kina kazi. Miguu mirefu kupita kiasi, ya rangi ya majivu, iko hivyo kwa ajili ya theluji inayofika mita moja na tope lisilo na mwisho. Kwato zina vidole viwili vinavyotanuka, na vile vidogo vya nyuma navyo hugusa chini akizama, kwa hiyo anatembea kwenye tope ambalo ng'ombe angekwama. Nundu ni misuli ya kubeba kichwa na zile pembe. Shingo ni fupi kwa miguu ile, kiasi kwamba akitaka kula nyasi za chini mara nyingine hupiga magoti. Pua ni ndefu, imeinamia mdomo, na matundu yake hujifunga akiwa chini ya maji. Ndiyo sababu yule wa kwetu aliweza kukaa kichwa kimezama muda mrefu hivyo, na wanajulikana kupiga mbizi hadi mita 5 kufuata mizizi ya mayungiyungi. Macho yake hayaoni mbali, lakini masikio yanageuka kila moja kivyake. Nilimwona moja limeelekea kwetu na lingine limeelekea msituni. Alikuwa anatusikia muda wote.

Na kilichompeleka majini ni chumvi. Miti ya huku ina chumvi kidogo mno, mimea ya majini inayo nyingi. Wakati wa kiangazi muusi anakula kilo 20 na zaidi kwa siku za majani ya mierebi, birchi na mepo, halafu anakwenda bwawani kutafuta kile ambacho miti haina. Majira ya baridi yakimalizika, mabwawa bado yana barafu, anakwenda barabarani kulamba maji ya kando ya lami, maana huku wanamwaga chumvi kuyeyusha theluji. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Rangi yake ni ya giza, miguu ni mirefu kiasi kwamba taa za gari hupita chini ya macho yake na hayang'ai kukutahadharisha. Gari dogo likimgonga linavunja miguu, mwili wote unakuja kwenye kioo cha mbele. Barabara namba 201 ya kwenda Jackman ina mabango ya njano yenye picha yake, na mimi kila nikipita huko usiku mkono wangu unakumbuka barabara ya Mikumi, matuta, bango kubwa la orodha ya faini kwa kila mnyama utakayemuua, na sauti ya baba: "Usiku humkimbii mnyama, unamsubiri."

Makazi yake, ukitaka kuyaeleza kwa neno moja, ni baridi. Ukanda wa misonobari, birchi na maji unaozunguka kichwa cha dunia: Alaska, sehemu kubwa ya Kanada, Norway, Sweden, Finland, nchi za Baltiki, Urusi. Newfoundland, kisiwa kikubwa cha Kanada, hakikuwa naye. Mwaka 1904 walipelekwa wanne kutoka New Brunswick, na leo kisiwa kile kina zaidi ya 100,000. Maine ndilo jimbo lenye muusi wengi zaidi Marekani ukiitoa Alaska. Wanapenda hasa msitu uliosumbuliwa, mahali palipokatwa mbao au palipoungua miaka 10 au 15 iliyopita, kwa sababu miti michanga ndiyo chakula. Msitu mzee wa giza wanautaka kwa kivuli.

Kivuli kwao ni uhai. Manyoya yake ya nje ni marefu, yana uwazi ndani unaoshika hewa, na chini yake kuna sufi nzito. Huyu ni mnyama aliyevaa koti asiloweza kulivua. Watafiti walipima: majira ya baridi, joto likipanda tu juu ya nyuzi 5 chini ya sifuri, mwili wake unaanza kuhangaika kujipoza. Kiangazi kikomo ni nyuzi 14. Nyuzi 14 ni asubuhi ya Mafinga mwezi wa saba, watu wamejifunika mablanketi. Kwa muusi hiyo ndiyo dalili ya kuanza kusaka kivuli.

Sasa niseme lililonifanya nianze kuandika. Ni kupe.

Mjomba wangu wa Kilosa alifuga, na kila mtu aliyekulia karibu na mifugo anajua kupe. Anajua josho, anajua ndigana kali, anajua kupapasa sikio la ndama na kukuta vile vijipu vya rangi ya kahawia. Kupe wale wa masikio hung'ata, hushiba, hudondoka, hukua, hupanda mnyama mwingine, mara tatu katika maisha yao. Kupe wa muusi ana tabia tofauti. Anapanda mara moja tu, vuli, akiwa mdogo kama punje ya ufuta iliyogawanywa, na hashuki hadi Machi au Aprili. Kati ya Septemba na Novemba wanapanda vichakani hadi usawa wa kifua cha muusi, wanashikana miguu maelfu kwa pamoja, wanangoja. Muusi akipita anaondoka na kundi zima. Swala pala wetu hujichana kwa meno kutwa nzima, na nyati na twiga wana ndege wa kuwadonoa kupe. Muusi hajazoea kujichana. Akija kuwashwa kweli, majira ya baridi yamekwisha nusu.

Theluji ikiwahi kushuka vuli, wadudu wale hufa kabla hawajampata mnyama. Kupe jike akishiba akadondokea theluji Aprili, naye hufa kabla ya kutaga. Baridi ndiyo ilikuwa josho lake. Sasa theluji inachelewa na inawahi kuondoka. Utafiti uliofanyika New Hampshire na Maine kati ya 2014 na 2016 ulikuta ndama wenye wastani wa kupe zaidi ya 47,000 kila mmoja, na karibu asilimia 70 ya ndama waliofuatiliwa hawakufika kiangazi. Masika ya 2022, hapa Maine, kati ya ndama 70 waliofungwa vifaa vya kuwafuatilia, 60 walikufa. Hawafi kwa ugonjwa ambao kupe amewaletea. Damu inakwisha tu. Mwaka 2021 jimbo liliongeza vibali vya kuwinda majike katika eneo moja la kaskazini-magharibi ili kupima kama wanyama wakipungua, kupe nao watapungua. Nimeisoma hoja yao mara nyingi na naielewa, kupe mwingi anahitaji muusi wengi. Bado kila nikiisoma roho inaniuma.

Aprili iliyofuata ile safari ya bwawani, mfanyakazi mwenzangu, Mmarekani aliyekulia huko juu, alinichukua kwenda kuokota pembe. Ni desturi ya hapa, theluji ikianza kuyeyuka watu wanaingia kwenye misitu ya mbao kutafuta zilizodondoka. Ilikuwa nje ya hifadhi, ambako sheria inaruhusu kuokota. Tulitembea kwa muda wa saa tatu. Karibu na kijito alisimama, akanionyesha chini. Kulikuwa na shimo kwenye theluji, umbo la mnyama aliyelala, urefu kama wangu. Ndani ya shimo theluji ilikuwa na madoa mekundu, mamia, kama mtu kapuliza rangi kwa brashi. Pembeni kulikuwa na manyoya mengi meupe mizizini, yamebaki kwenye gome la msonobari alikojisugua. Mwenzangu alichuma kitu kwenye theluji akaniwekea kiganjani, kupe jike aliyeshiba, mkubwa kama punje ya kunde, wa rangi ya kijivu, baridi, bado anasogeza miguu. Tulimponda juu ya jiwe. Muusi anayejisugua hivyo hubaki na ngozi ya rangi ya majivu, na watu wa hapa wanamwita mzuka. Shimo lile lilikuwa dogo. La ndama.

Pembe tuliikuta saa moja baadaye, mbali na pale, imelala chali chini ya birchi kama bakuli, imejaa maji ya theluji na majani makavu. Moja tu. Niliinua kwa mikono miwili. Upande wa nje una mifereji iliyopinda pinda kama ramani ya mito, ndipo mishipa ya damu ilipopita enzi ya mahameli. Kitako chake, pale ilipoachana na kichwa, kina duara la vinundu vigumu na katikati pamevimba kidogo, pamekwaruza kama ulimi wa paka. Ukingo mmoja ulikuwa na alama ndogo ndogo za meno: panya wa msituni walikuwa wameanza kuila kwa ajili ya chokaa. Mwenzangu akanipa. Njiani nikamwambia binti yangu kwa simu kwamba nimepata jibu la lile swali lake. Tutamwita muusi. Tutalichukua neno kwa Wapenobscot, waliomwona akibambua miti, tuliandike kwa herufi zetu, liwe neno letu. Hatutamvisha la kulungu wala la pofu. Akafikiri, akauliza wakiwa wengi itakuwaje. Nikamwambia muusi mmoja, muusi wawili. Akaridhika.

Jioni ile nilimpigia baba simu ya video, Mikumi. Kwake ilikuwa alfajiri. Pembe ilikuwa mezani nyuma yangu. Akaiona kabla hatujamaliza kusalimiana.

"Mwanangu, hiyo ni nini? Hizo si nyara za serikali? Una kibali?"

Nikamweleza. Kwamba hakuna aliyemuua, pembe za huyu hudondoka zenyewe kila mwaka na huku kuziokota si kosa. Hakuniamini mara moja. Miaka yote ile barabarani hajawahi kuona pembe bila mzoga. Akaniambia niisogeze karibu na kamera, nimwonyeshe kitako. Nikamwonyesha. Akaangalia kwa muda mrefu, miwani akiishusha na kuipandisha.

"Kwa hiyo mwenyewe yuko hai."

Nikamwambia habari za kupe, na lile shimo kwenye theluji. Akauliza kama wana josho. Nikasema hapana. Nikamwambia wanaokufa zaidi ni ndama, wakubwa wengi huvuka, na mwenye pembe hii alikuwa dume mkubwa.

"Na sasa hivi kichwani ana nini?"

"Zimeanza kuota nyingine, baba. Mwezi huu."

Akanyamaza. Halafu akageuza uso kutoka kwenye simu, akamwita mama aje aone.